Ndugu wa Karatasi

Msumari wa dhahabu hupigwa mara mbili. Pigo la kwanza ni la upole, msumari usimame; la pili ni la nguvu, using'oke. Gradi alikuwa na misumari minne mdomoni na wa tano kati ya vidole, akivuta mahameli nyekundu juu ya mgongo wa kiti cha bibi harusi. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi. Barabara ya Nateete ilishajaa vumbi, honi na harufu ya mafuta ya chapati. Ndani ya karakana ya mzee Jafar viti vinne vya maharusi vilisimama ukutani, migongo mirefu kama milango, miguu kama ya simba, vikingoja Jumamosi. Kampala inaoa Jumamosi. Watu hukodi gari, hukodi suti, hukodi ukumbi, na mwishowe hukalia viti vya mzee Jafar kwa saa tano. Jumapili viti hurudi Nateete na madoa ya keki na soda, na Gradi huvisugua.

"Achanisha misumari kidogo," mzee Jafar alisema kutoka kwenye kigoda chake. "Boksi la misumari limepanda bei tena. Sponji imepanda, mbao zimepanda, hata gundi. Bado kidogo maharusi watakalia mkeka."

Gradi alitoa misumari mdomoni. "Wakikalia mkeka, mzee, watakuwa wamerudi kwenye desturi za babu zako."

"Babu zangu walikalia mazulia ya Maskati, kijana. Usinitukane kabla ya chai."

Babu wa babu yake alikuja na msafara kutoka pwani, akaoa Buganda, akasahau kurudi. Tangu hapo ukoo ule umekuwa ukiuza kitu fulani Nateete: chumvi, kanga, baiskeli, na sasa viti. Mzee Jafar alikisema Kiswahili polepole, kila neno mahali pake, kama mtu anayepanga vikombe kabatini.

Gradi alikaa juu ya ubao na kufungua bakuli lake. Lilikuwa la bati jeupe lenye maua ya buluu, limebanduka rangi ukingoni. Ndani mlikuwa na sombe ya jana, majani ya muhogo ya kutwanga, na kipande cha fufu, ugali wa kwao, kilichokauka juu. Bakuli hilo lilitoka Kiwanja, kule Kongo, juu ya kichwa cha mama Séraphine, na tangu Gradi alipopata kazi Nateete miezi saba iliyopita lilikuwa likisafiri kila wiki kati ya karakana na chumba cha Kisugu, ambako mama huyo aliishi na binti yake, Estelle. Likienda tupu, lilirudi limejaa. Estelle ndiye Gradi aliyekuwa anamwoa.

Kwao mkwe hali mbele ya mama mkwe, wala mama mkwe hampakulii mkwe. Hutenganishwa na mlango au pazia, na maneno yao hupitia kinywa cha mtu wa tatu. Hiyo ndiyo heshima. Mama Séraphine alikuwa ameiahirisha kwa makusudi. "Siku pasta atakaposoma majina yenu kanisani," alimwambia akilijaza bakuli, "ndiyo siku nitakayoacha kukupakulia. Mpaka siku hiyo, kula, papa. Mtoto anakula."

"Leo ndiyo siku yako ya ofisini?" mzee Jafar aliuliza.

"Ndiyo leo. Pasta anataka karatasi kabla ya saa kumi. Majina yasiposomwa Jumapili hii, Jumapili tatu hazitimii kabla ya tarehe ishirini na tano."

"Tarehe ishirini na tano viti viwili ni vyako. Nimeshasema. Mtu aliyetaka kuvikodi siku hiyo nimemfukuza, na alikuwa na gari la bei." Akasugua goti. "Hiyo karatasi ina shida gani hasa? Wiki nzima unazunguka kama kuku anayetaka kutaga."

Gradi alifuta mkono kwenye suruali. "Kwenye karatasi ya familia, Estelle ni dada yangu."

"Dada wa vipi?"

"Wa karatasi."

Mzee Jafar alimtazama, kisha akacheka mpaka akashika mbavu. "Basi karibu nchini. Baba yangu aliandikwa kabila Mswahili. Akasema, Mswahili si kabila, bwana mkubwa, ni lugha na kanzu. Karani akamwambia, nimeshaandika kwa wino. Mpaka leo wajukuu zake wakienda kutafuta kitambulisho wanaulizwa kijiji chao cha Uswahilini kiko wapi." Kicheko kikaisha. "Nenda. Lakini usiende na hasira. Wale watu wana kalamu."

Gradi alivaa shati jeupe, akalitia bakuli, sasa tupu, kwenye mfuko. Alipotoka kwa mlango wa nyuma alipita penye chukudu jipya alilokuwa analiunda, ambalo lilikuwa bado halina gurudumu la mbele. Majirani wa Nateete walikuja kuitazama baiskeli hiyo ya mbao isiyo na pedali wakauliza ni mnyama gani. Kiwanja hakuna aliyeuliza. Baba yake aliyachonga machukudu kwa mti wa mkaratusi, akafunga mpira wa gari la zamani kwenye magurudumu, na vijana waliyashusha mlimani yakiwa na magunia manane ya viazi, upepo ukiwapiga mashati. Siku ya harusi, vyombo vya bibi harusi vilipitishwa mjini juu ya chukudu, kitanda, godoro, sufuria, kimoja kimoja kimefungwa ili kila mtu aone. Estelle alikuwa na miaka kumi na tisa alipopanda la Gradi kwa mara ya kwanza, amekaa juu ya gunia la mahindi, akipiga kelele kwamba wataingia kanisani na ukuta wake. Gradi alikuwa ameahidi moyoni kwamba vyombo vyake vitatoka Kisugu mpaka Nateete kwa namna hiyo, watu wa Kampala wacheke wanavyotaka.

*

Kwenye lango la ofisi ya wakimbizi askari alimwandikia namba kiganjani kwa kalamu ya wino: 84. Wakati huo walikuwa wanaitwa wa kumi na tisa. Wanawake walikuwa wamekaa juu ya khanga, watoto juu ya wanawake. Mtandao ulilala saa tatu, ukaamka saa tano, ukalala tena. Gradi alisimama huku amekunja ngumi ili jasho lisifute namba yake.

Saa saba na robo aliitwa dirishani. Aliyekaa upande wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, kadi yenye jina Moreen kifuani, gonja, ndizi ya kuchoma, ikiwa imefungwa kwenye gazeti kando ya kompyuta.

"Ssebo, shida?" aliuliza, akimwita bwana kwa Kiganda.

"Nataka kusahihisha mstari wa tatu." Gradi aliipitisha karatasi. Mstari wa kwanza: Séraphine, mkuu wa familia. Wa pili: Estelle, binti. Wa tatu: Gradi, mwana.

"Mwana ni wewe?"

"Ni mimi."

"Sasa unataka niandike nini?"

"Mkwe."

"Mkwe ya nani?"

"Ya huyo mama."

Moreen aliweka gonja chini. "Kwa hiyo umeoa dada yako."

Mtu nyuma yake kwenye foleni alicheka. Gradi alihisi shingo ikipata moto, akakumbuka goti la mzee Jafar na maneno yake. "Si dada yangu. Tuliandikwa vibaya siku ya kuvuka mpaka."

"Nani aliandika vibaya? Sisi?"

Aliifikiria siku ile. Mwezi wa kumi, karibu miaka minne sasa, mvua, turubai lililojaa maji tumboni, na karani mwenye koti la plastiki aliyekuwa hajalala. Gradi hakuwa na baba wala mama. Alikuwa jirani tu. Alisukuma mizigo ya mama Séraphine kwa chukudu mpaka mwanajeshi mmoja akalichukua, kisha akaibeba kichwani. Karani aliuliza, "Watoto wangapi?" Mama Séraphine akajibu, "Wawili." Alikuwa amelijibu swali hilo hivyo kwa miaka ishirini na miwili, zahanati, shuleni, kanisani. Trésor, mdogo wake Estelle, alikuwa amezikwa siku tisa kabla, nyuma ya kanisa, kwa haraka, mabomu yakisikika upande wa barabara kuu. Mdomo wa mama yake ulikuwa haujazoea. Karani aliinua macho, akamwona Estelle, na pembeni yake kijana mwenye godoro kichwani. "Huyu?" aliuliza. Mama Séraphine alimtazama Gradi muda mrefu, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Upande wa pili wanaume wasio na familia walikuwa wanapangwa kupanda lori lingine, kwenda mahali pengine. "Gradi," Gradi alisema, akitaja jina lake. Karani akaandika.

"Mama alisema ana watoto wawili," Gradi alimwambia Moreen. "Wa pili alikuwa amekufa siku chache kabla. Karani akanichukua mimi kuwa ndiye."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Moreen alivuta droo, akatoa fomu mbili, akaziweka sambamba juu ya meza. Hakuwa na ukali. Alifanya kama mtu anayempimia mteja sukari. "Sikiliza, ssebo. Fomu iko mbili. Hii ni ya kosa la karani. Hii nyingine ni ya kutoa habari ya uongo. Siku ile mlidanganya, ama leo ndiyo mnadanganya? Chagua, nijue nakupa gani."

"Ni kosa la karani."

"Kale, sawa. Basi karani mwenyewe lazima aweke sahihi. Yule wa mwaka ule mkataba wake uliisha. Hayuko."

"Yuko wapi?"

"Nitajuaje? Mimi sijamwoa." Foleni ilicheka tena, na safari hii hata Moreen alitabasamu kidogo. "Ama ulete cheti cha kifo cha huyo mtoto. Ama barua ya chifu wenu, na muhuri."

"Chifu alikimbia kabla yetu. Na wiki ile kule hakukuwa na mtu wa kuandika vyeti. Watu walikuwa wanachimba makaburi."

"Hapo sasa inabaki fomu ya pili." Alibonyeza kompyuta, akasubiri, akabonyeza tena. Uso wake ukabadilika. "Banange. Huyu mama ana rufaa ya jicho. Tarehe kumi na moja mwezi ujao."

"Ndiyo. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amengoja mwaka mmoja na nusu."

"Faili ikienda kukaguliwa, kila kitu ndani yake kinasimama. Dawa, rufaa, kadi zenu zote tatu. Watamwita mama mwenyewe kumuuliza. Inaweza kuwa miezi sita. Inaweza kuwa mwaka." Alisogeza fomu ya pili mpaka ukingoni mwa dirisha na kushusha sauti. "Mimi ningekuwa wewe, ningekaa kimya. Watu wanaishi bila kuoana. Mimi mwenyewe nimeishi na bwana yangu miaka kumi na moja, nani ameniuliza?"

"Wewe hukuandikwa dada yake."

Moreen aliivuta gonja yake karibu. "Themanini na tano," aliita.

*

Hakupanda boda, nauli ilikuwa imepanda tangu wiki ile petroli ilipopanda, na miguu yake ilihitaji kazi. Aliteremka, akapanda, akavuka reli, fomu ikiwa imekunjwa mara nne kwenye mfuko wa shati. Kampala ilikuwa na vilima kama nyumbani. Hilo ndilo lililomdanganya siku za kwanza: akipanda kilima alitarajia, akifika juu, kuona milima ya moto upande wa kusini, na wekundu wake chini ya mawingu jioni. Alifika juu akaona kilima kingine chenye mabango.

Kanisa lilikuwa la mabati, Kisugu, kati ya gereji na mwuza makaa. Pasta Jean-Pierre alikuwa amekaa peke yake kwenye benchi la kwanza akiwa na daftari la ndoa magotini. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika hamsini.

"Umefika kabla ya saa," pasta alisema kwa furaha. "Leta, papa."

Gradi alimpa fomu. Pasta aliisoma, akaigeuza, akatafuta muhuri upande wa nyuma.

"Hii haijajazwa."

"Nikiijaza, mama hapasuliwi jicho."

Alimweleza yote, kwa ufupi, bila kupandisha sauti. Pasta alisikiliza akiwa amefumba macho. Gradi alipomaliza, gereji ya jirani ilikuwa inapiga chuma, na wote wawili walingoja ipumzike.

"Siwezi kusoma majina, Gradi."

"Pasta, wewe ndiye uliyemzika Trésor."

"Nilimzika."

"Ulishika sepetu kwa mkono wako. Ulisema, ardhi kwa ardhi, mimi nikiwa nashikilia mwavuli. Hakuna mtu Kampala nzima anayejua kuliko wewe kwamba mama Séraphine hana mtoto wa kiume."

"Mbele ya Mungu najua," pasta alisema. "Lakini mwezi uliopita walikuja watu wawili kukagua daftari hili. Walifungua kila ukurasa, wakalinganisha kila jina na karatasi. Kanisa la ng'ambo kule limefungwa, si kwa sababu ya mahubiri, kwa sababu ya daftari. Nikiandika hapa kaka kamwoa dada, Jumapili inayofuata watu mia mbili hawana pa kuimbia." Alilifunga daftari. "Kule Kiwanja nilikuwa naoza watu kwa kuwatazama. Nilimjua baba, nilimjua babu, nilijua ng'ombe wangapi walivuka mto. Daftari nililijaza baadaye, nikikumbuka. Hapa daftari ndilo linalonijaza mimi."

"Tarehe ishirini na tano kwaya imeshajifunza wimbo."

"Najua. Nawasikia." Pasta alimrudishia fomu na kumshika mkono, hakuuachia. "Nisamehe, papa."

Gradi alitaka kusema neno ambalo lisingerudi. Alilikuta mdomoni tayari, kama msumari. Alilimeza, akatoka.

*

Ua wa nyumba ya Kisugu ulikuwa na vyumba sita, bomba moja na sheria nyingi za madam Nakhisa, mwenye nyumba. Sheria ya karibuni ilihusu kinu. Mama Séraphine alitwanga majani ya muhogo, na madam Nakhisa alidai saruji yake inapasuka. Wakakubaliana atwange juu ya gunia la mchanga, na amalize kabla ya saa kumi na moja. Kuna wanawake wa Kongo sokoni Nateete wanaosaga sombe kwa mashine na kuiuza kwenye mifuko, lakini mama Séraphine alisema mashine inayakasirisha majani. Alitwanga kwa kusikiliza. Macho yake sasa yaliona mwanga na vivuli, basi. Mkono ndio uliojua.

Estelle alikuwa kizingitini akimchambulia majani. Alikuwa ametoka mapema saluni alikokuwa akisuka watu nywele, vidole vyake bado vinanukia mafuta.

"Kaka yangu huyo," alisema alipomwona Gradi langoni. Ulikuwa mzaha wao wa wiki nzima. "Kaka, mbona umechelewa? Dada yako amekonda."

Kisha akauona uso wake, na mzaha ukaisha.

Walikaa watatu ndani. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, meza, jiko la mkaa karibu na mlango, na kamba iliyokatiza kutoka ukuta hadi ukuta kwa ajili ya nguo. Gradi aliweka bakuli tupu juu ya meza. Alikuwa amepanga njiani kusema tu kwamba mtandao ulilala, warudi wiki ijayo. Lakini Estelle alikuwa ameshaichomoa fomu mfukoni mwake.

"Usisome," Gradi alisema.

"Soma," mama Séraphine alisema.

Estelle alisoma, kisha Gradi akaeleza yaliyobaki, fomu mbili, karani aliyeondoka, faili, jicho, daftari la pasta. Mikono ya mama Séraphine ilikuwa magotini, kijani mpaka kwenye viwiko.

"Rudia pale pa jicho."

Gradi alirudia.

"Tutangoja," Estelle alisema haraka. "Mama, tutangoja. Kwanza jicho. Harusi haiozi."

"Mambo yanaoza," mama Séraphine alisema. "Nimeona." Aliinama, akatafuta kwa kiganja mpaka akapata ukingo wa meza. "Mimi ndiye niliyesema wawili. Yule mtu aliuliza, nikasema wawili. Nilikuwa sijajifunza bado kusema mmoja. Na nilipoona amekuandika wewe, Gradi, nikasema moyoni, sawa, acha iwe hivyo, mahali pake pasiwe wazi. Miaka yote hii nilikuwa nakupakulia wewe na yeye kwenye bakuli moja. Nisamehe. Nilikufanya uwe watu wawili."

"Mama, nilikula vizuri."

"Najua ulikula vizuri. Sufuria zangu zinajua." Alicheka kidogo, akaacha. "Sikilizeni. Nitapasuliwa. Halafu nitakwenda mwenyewe kwenye hilo dirisha, niwaambie. Nikimwambia mtu kwamba Trésor amekufa, nataka nione uso wa huyo ninayemwambia. Wakitaka kuzuia kadi, wazuie mimi nikiwatazama."

"Na tarehe ishirini na tano?" Estelle aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mama yake alisimama, akapiga magoti kando ya kitanda na kuvuta begi lililokuwa chini. Akatoa kitenge kipya ambacho hakijakatwa, cha njano chenye ndege wa buluu. Ndicho akina mama wote walichopaswa kuvaa siku ya harusi, na yeye alikinunua kwanza kuliko wote, kwa kukipapasa dukani na kuuliza rangi. Alikikunjua. Harufu ya kiwandani ikajaa chumba. Alikirusha juu ya kamba ya nguo, mara ya kwanza kikaanguka, mara ya pili kikashika. Kikaning'inia mpaka sakafuni, meza na kiti upande mmoja, jiko na kitanda upande mwingine.

Gradi alibaki upande wa meza.

"Mama," alisema, "pasta hajasoma majina."

Kutoka upande wa pili Gradi alisikia kifuniko cha sufuria iliyokuwa jikoni tangu mchana kikifunguliwa, mwiko ukigusa ukingo, maji ya kunawa yakimiminwa. Kisha sauti ya mama Séraphine, yenye adabu, ya juu kidogo, sauti ambayo hajawahi kumsemea nayo.

"Estelle. Mwulize mkwe kama ameshinda na njaa."

Estelle alitokeza kichwa pembeni mwa kitenge. Macho yake yalikuwa yamejaa, na bado mdomo ulikuwa unataka kucheka. "Mama anauliza kama umeshinda na njaa."

Gradi alisimama bila kujua afanye nini na mikono yake. Alikuwa amekiona kitendo hiki Kiwanja mara nyingi, kwa wajomba, kwa kaka wakubwa. Walikaa wima nyuma ya mlango, wamevaa koti mchana wa jua, wakila kidogo ili wasionekane walafi. Aliwacheka. Alikaa wima. Alifunga kifungo cha shati cha juu.

"Mwambie mama mkwe," alisema, "ninashukuru. Sikupata nafasi ya kula mchana."

Estelle ndiye aliyechota. Mama yake alikaa akiwa ameelekeza uso ukutani. Bakuli la maua ya buluu lilikuja limefunikwa sahani juu, limebebwa kwa mikono miwili. Fufu ilikuwa ya moto. Sombe ilikuwa na mawese na dagaa, ile ya nyumbani kabisa, ya siku ambayo mvua imenyesha na baba amerudi mapema. Gradi alikata tonge. Kwa miaka karibu minne alikuwa amekula huku mama huyu akimsemesha, akimwongeza bila kumuuliza, akimkemea kwa kutomaliza. Sasa alisikia kutafuna kwake mwenyewe.

Mlangoni kivuli kilisimama. Alikuwa madam Nakhisa, amekuja kuhakikisha kinu kimewekwa pembeni. Alichungulia, akaona kitenge kimekatiza chumba, mama amegeukia ukuta, na kijana amekaa peke yake upande wa meza kama mtu aliyeadhibiwa.

"Ee," alisema. "Mama Estelle, kwani mmegombana na mtoto yako? Mbona mmemfungia kaka yao huko?"

Estelle alivuta pumzi ili ajibu. Mama Séraphine alimshika mkono kumzuia, akageuka, akaelekeza uso kwenye mwanga wa mlango, mahali ambapo aliona umbo tu, bila macho wala mdomo.

"Hatujagombana, madam," alisema. "Kaka yao alikufa Kiwanja. Tulimzika nyuma ya kanisa. Huyu ni mkwe wangu."

Madam Nakhisa alisema pole, mara mbili, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, akaondoka taratibu bila kugusa kinu.

Nyuma ya kitenge, tonge lilikuwa bado mkononi mwa Gradi. Hajawahi kumsikia akimwambia mtu wa nje kwamba Trésor alikufa, wala kambini, wala kanisani, wala siku ya kaburi. Kisha akala, polepole, na akaacha kidogo kwenye bakuli, kama mkwe anavyopaswa.